Mke Mwenza wa Kitanda cha Tano

Siku ya arobaini na moja tangu seli za Sekela Mwalongo ziingie mwilini mwa bibi yake, mashine iliandika, kwa herufi safi zisizo na chuki wala upendo, kwamba wawili hao ni maadui.

Maandishi yalitokea kwenye kioo kilichoning'inia juu ya kitanda cha tano. Sekela alikuwa amesimama pale na bakuli la uji usio na chumvi, akayasoma mara tatu.

UHUSIANO WA MTOAJI NA MGONJWA: MKE MWENZA.
HALI YA MAZUNGUMZO: UHASAMA MKUBWA.
HATUA: VIRANJA WAONGEZWE MARA MBILI.

"Bibi," alisema, "siku ile ya kupokelewa uliwaandikisha nini?"

Bibi Witness alikuwa na miaka sabini na mitatu na jina la kizee, la enzi zile wazazi wa Njombe walipowaita watoto wao Witness na Happiness na Brighton bila kuona haya. Alifungua jicho moja.

"Waliniuliza wewe ni nani kwangu. Nikawaambia ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba wewe ni mke mwenzangu, na ni mvivu."

Kutoka kitanda cha sita, Mzee Kiswaga alicheka mpaka mrija wake wa pua ukachomoka. Muuguzi akaja kuurudisha.

Hakukuwa na jambo geni hapo. Tangu Sekela aanze kutambaa, yeye na bibi yake walikuwa wakigombea mume mmoja. Mume huyo, Babu Brighton, alifariki Sekela akiwa na miaka minne, lakini kifo hakikuvunja ndoa. Picha yake, aliyopigwa akiwa na koti la mtumba na tabasamu la mtu asiyejua atazaa wajukuu wa aina gani, ilisimama sasa kwenye kabati la kitanda cha tano. Kila asubuhi Bibi aliigeuzia upande wake na kila asubuhi Sekela aliigeuzia upande wa pili. Bibi alimwita Sekela mwizi wa waume. Sekela alimwahidi Bibi kwamba akifa atamzika juujuu, ili iwe rahisi kumfukua akisahau kumwambia alipoficha ufunguo wa stoo. Kila mjukuu aliyelelewa vizuri anajua kusema hivyo, na kila bibi aliyetunzwa vizuri anajua kujibu.

Mashine haikujua. Iliitwa Mlezi, na kwa kadiri Sekela alivyoweza kuchunguza, wahandisi walioitengeneza wote walizaliwa bila bibi.

*

Ili kuelewa ukubwa wa hasara hiyo, yafaa kujua kazi ya Mlezi.

Zamani, mtu wa umri wa Bibi Witness akipata saratani ya damu, madaktari walimwambia kwa upole kwamba mwili wake hautahimili kupandikizwa seli shina za mtu mwingine. Walikuwa hawaogopi saratani peke yake. Waliogopa wageni. Seli za mtoaji zikishaingia katika uboho wa mgonjwa na kuota, huanza kukagua nyumba. Hukutana na ngozi, ini na utumbo, huuliza, "Na ninyi ni akina nani?" na zisiporidhika na jibu humpiga mwenye nyumba. Vijana wenye miili migumu waliweza kuvumilia kipigo hicho. Wazee hawakuweza. Katika Kituo cha Uboho cha Ukange, hali hiyo iliitwa kwa jina moja tu, ugomvi.

Mlezi alikuja kuzuia ugomvi. Kila asubuhi alipokea damu kidogo ya mtoaji, akachuja humo seli chache zenye kipaji cha kuwatuliza wenzao, akazifundisha kwa saa moja, kisha akaziachilia mwilini mwa mgonjwa. Siku ya kwanza kuelezwa hayo, Sekela, ambaye alikuwa Kidato cha Tano katika shule ya bweni na alikuwa na uzoefu mrefu wa kushikwa ukosi, alisema, "Kumbe ni viranja." Kufikia siku ya tatu hata Daktari Ngole aliandika viranja katika taarifa zake.

Na kama shuleni, kazi ilikuwa kwenye hesabu. Viranja wakipungua, ugomvi unaanza. Wakizidi, kila seli inasimama mstarini na mikono nyuma. Hakuna anayepigana, lakini pia hakuna anayefanya kazi. Yale mabaki ya saratani, ambayo seli mpya zililetwa kuyamaliza, yanakaa kwenye kona na kunenepa bila kuulizwa.

Watafiti walikuwa wamegundua jambo moja zaidi. Viranja waliotoka kwa mtoaji mwenye kinyongo walichoka upesi, kwa hiyo walitakiwa wengi zaidi. Ndiyo maana Mlezi alikuwa na sikio kwenye kila kitanda, dude la ukubwa wa kifungo cha shati lililobandikwa karibu na mto, lililosikiliza jinsi mtoaji na mgonjwa wanavyozungumza.

Sikio la kitanda cha tano lilikuwa limesikia mambo.

"Mabaki yalikuwa matatu kwa kila seli elfu kumi," alisema Daktari Ngole siku tano baadaye. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye tabia ya kutafuna vifuniko vya kalamu. Mfukoni mwake zilikaa kalamu tatu, zote uchi. "Leo ni matano. Yakifika kumi sitakuwa na dawa. Nitamrudisha nyumbani."

"Si umpunguzie viranja, Daktari."

"Siruhusiwi kugusa mizani ya viranja. Ni ya Mlezi peke yake."

"Lakini unajua huu ni utani."

"Najua. Mimi mwenyewe bibi yangu aliniita mke mdogo mpaka siku ya harusi yangu, na siku hiyo akalia kwamba nimemkimbia." Daktari alitoa kifuniko mdomoni, akakitazama kana kwamba nacho kimemwangusha. "Sekela, kabla ya Mlezi tulikuwa tunapima kwa kubahatisha, na wazee watatu kati ya kumi walikuwa wanakufa kwa ugomvi. Siku hizi ni mmoja kwa mia. Ndiyo maana wametunyang'anya mizani, na siwezi kusema walikosea. Nimeandika barua kwa Kamati ya Mizani kule Dodoma."

"Wamejibu?"

"Wamejibu kwamba barua imepokelewa."

Siku mbili baadaye walijibu tena. Walisema taarifa za uhusiano zinaweza kusahihishwa iwapo mgonjwa mwenyewe atakana mbele ya Mlezi, kwa kiapo, akiwa na akili timamu. Daktari Ngole alisimama upande mmoja wa kitanda, Sekela upande wa pili. Bibi aliinuliwa, akafutwa uso, akavalishwa kofia yake ya sufu, maana Njombe ya mwezi wa saba haijali kwamba umepandikizwa.

"Bibi Witness Mwalongo," ilisema sauti tulivu ya Mlezi, "je, mtoaji Sekela Mwalongo ni mke mwenza wako?"

"Bibi," Sekela alisema akiuma meno, "jibu moja tu. Hapana. Basi."

Bibi alifikiri. Mtu angeweza kuona namna jibu jema linavyopita usoni mwake na kukataliwa.

"Kama si mke mwenzangu," alisema, "mbona amevaa kanga yangu?"

"Samahani. Sijaelewa. Je, mtoaji ni mke mwenza wako?"

"Muulize bwana mwenyewe, yupo hapo kabatini."

"Jibu limehifadhiwa," alisema Mlezi.

Mzee Kiswaga alishika mbavu. Daktari Ngole alitoka nje, na wote walisikia kifuniko cha kalamu kikipasuka huko ukumbini.

"Bibi, unakufa," Sekela alisema. "Unaelewa? Unakufa kwa sababu ya mzaha."

"Nina miaka sabini na mitatu," Bibi alisema. "Hiyo mashine ina mingapi? Nibadilike mimi?"

*

Basi Sekela alijaribu adabu.

Asubuhi ya siku ya hamsini aliingia wodini akiwa amefunga kilemba, akapiga goti kando ya kitanda, akasema kwa sauti ya msomaji wa risala, "Shikamoo Bibi. Umeamkaje? Nimekuletea uji. Mungu akujalie afya njema na maisha marefu."

Bibi alimtazama. Rangi kidogo iliyokuwa imerudi mashavuni ilitoka.

"Daktari amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu, Bibi yangu mpendwa."

"Bibi yangu mpendwa," Bibi alirudia polepole. "Mama yangu nilimwita hivyo siku tatu kabla hatujamzika. Nakufa lini? Niambie tu."

"Hufi, Bibi. Ninakuheshimu."

"Kumbe ni karibu hivyo."

Aligeukia ukutani. Hakula uji, wala ndizi ya mchana, wala mtori wa jioni. Kesho yake Sekela alipopiga goti tena, Bibi alianza kumwelekeza nani apewe masufuria. Mlezi aliandika HALI YA MAZUNGUMZO: INAIMARIKA, na muuguzi aliandika kwamba mgonjwa amepungua kilo moja na nusu.

Siku ya tatu Sekela alinyanyuka kutoka sakafuni, akafungua kilemba, akasema, "Haya, kikongwe, kula. Ukifa na njaa utakuwa mwepesi, upepo utakuchukua kabla hatujafika makaburini, na mimi sikimbizi maiti."

Bibi alikula bakuli zima. Mlezi aliandika UHASAMA MKUBWA na kuongeza viranja. Mabaki yakafika sita.

Sekela alikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, palipotazama bustani ya viazi ya wauguzi, na kwa muda mrefu hakufanya chochote ila kuichukia mashine. Yeye akiwa adui, Bibi alikula na saratani ikanenepa. Akiwa mwema, saratani ilikonda na Bibi pia. Walimu wake walikuwa wamemwambia mara nyingi kwamba siku moja utundu wake utamfikisha pabaya, lakini hakuna aliyetaja kwamba hapo pabaya adabu nayo itakuwa imeshafika na kuketi.

Ndipo alipomkumbuka Matroni.

*

Matroni wa bweni lao hakuwa mtu. Alikuwa sikio, kama hili la Mlezi, lililofungwa darini kuhakikisha wasichana arobaini wanasali kabla ya kulala. Muhula wa kwanza wa Kidato cha Pili, Sekela alirekodi sala ya wasichana hao, akakiweka kinasa sauti ndani ya soksi na kuifunga soksi hiyo kwenye sikio la Matroni. Kwa wiki saba bweni lilisali kwa usahihi wa kutisha huku waumini wakiwa jikoni wakikaanga viazi. Walikamatwa kwa sababu siku ya mvua kubwa umeme ulikatika shule nzima, na Matroni, aliyetumia betri, aliripoti kwamba wasichana waliokuwa wamejazana ukumbini mbele ya mkuu wa shule walikuwa pia bwenini wakisali.

Sauti yake mwenyewe ya adabu aliipata kwa urahisi. Alijifungia stoo ya mashuka na kurekodi nusu saa ya salamu. Tatizo lilikuwa sauti ya Bibi. Ila Bibi Witness alikuwa mwenyekiti wa kijiji kwa miaka kumi, na hotuba zake zote zilikuwepo kwenye simu ya mama yake Sekela, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuzifuta. Sekela alizikatakata na kuziunga.

Kuanzia siku ya hamsini na tano, kinasa sauti kililala ndani ya soksi ya sufu pamoja na sikio la kitanda cha tano, na Mlezi alisikia mazungumzo ya namna hii:

"Shikamoo Bibi. Umelalaje?"

"Awali ya yote napenda kukushukuru kwa kufika kwako."

"Nimekuletea uji, Bibi."

"Tumeupokea kwa mikono miwili, na tunaahidi kuutumia kwa lengo lililokusudiwa."

Huku chini ya blanketi, vichwa vimegusana, wake wenza walinong'onezana matusi yao kwa raha ambayo hawakuwahi kuwa nayo hata yalipokuwa halali.

"Sikiliza ninavyoongea vizuri humo," Bibi alinong'ona. "Ndiyo maana bwana alinipenda mimi."

"Alikuwa kiziwi, Bibi. Hati ya hospitali ninayo."

Mlezi aliandika MTOAJI SHWARI. Alipunguza viranja siku hiyo, akapunguza tena siku iliyofuata. Mabaki yalishuka yakawa matano, kisha manne, kisha matatu. Bibi aliomba chumvi. Daktari Ngole alitazama takwimu kwa muda mrefu, akasema hajui nini kimetokea ila asingependa kiache kutokea, na akanunua kalamu mpya.

Aliyelalamika ni mmoja tu.

"Tangu muanze kunong'ona," Mzee Kiswaga alimwambia Sekela, "siku zangu zimekuwa ndefu. Mlikuwa redio yangu."

"Vumilia, Mzee. Redio iko kwenye matengenezo."

Mzee Kiswaga alikuwa fundi wa paa mstaafu mwenye miaka sitini na tisa, na mtoaji wake alikuwa mdogo wake, Obadia. Obadia alikuja kila asubuhi saa mbili kamili akiwa na suti, akatoa damu, akasimama umbali uleule kutoka kitandani.

"Kaka, natumaini umeamka salama."

"Salama. Nakushukuru kwa kufika."

"Nimetimiza wajibu. Nakutakia siku njema."

"Nawe pia."

Kisha aliondoka. Watu wa nje walisifu jinsi wale ndugu wanavyoheshimiana. Mzee Kiswaga alimweleza Sekela siku moja, bila kuulizwa, kwamba Obadia alihamisha kaburi la mama yao kupisha shamba la miparachichi bila kumwambia, na kwamba kwa miaka kumi na moja hawakuwahi kugombana hata mara moja, kwa sababu kugombana kungewalazimu waongee.

Siku ya sitini na tisa Mzee Kiswaga alikuwa akijikuna viganja.

"Ni hii sabuni yao mpya," alisema.

Siku ya sabini viganja vilikuwa vyekundu. Siku ya sabini na moja wekundu ulipanda hadi viwiko, na alikuwa amekimbizwa chooni mara tisa. Sekela, aliyekuwa amekuja kugeuza picha ya mumewe, alimkuta Daktari Ngole mbele ya kioo cha kitanda cha sita, kifuniko kipya kikiwa kimeshakwisha.

"Mlezi amempunguzia," daktari alisema, kama anajisemea. "Siku saba mfululizo amempunguzia viranja. Kwa nini? Hakuna kilichobadilika kwa huyu mzee. Hakuna hata kimoja."

Aligusa kioo. Sababu zikatiririka, na Sekela akazisoma juu ya bega lake.

FUNZO JIPYA KUTOKA KITANDA CHA TANO: LUGHA RASMI NA YA HESHIMA NI DALILI YA MTOAJI SHWARI.
FUNZO LIMETUMIKA: KITANDA CHA SITA.

*

Mlezi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Alichojifunza hapa alikitumia pale. Jambo hilo Sekela alikuwa ameelezwa siku ya kwanza, kwenye karatasi ya kurasa kumi na nne aliyoitia saini baada ya kusoma mbili.

Alingoja daktari aondoke, akaingiza kichwa chini ya blanketi.

"Bibi, Mzee Kiswaga anaumwa kwa sababu yetu."

Alieleza. Juu ya vichwa vyao, ndani ya soksi, mwenyekiti wa kijiji alikuwa akiwatakia wajumbe wote safari njema.

"Ukisema, mimi itakuwaje?" Bibi aliuliza.

"Sijui. Labda watarudisha viranja wote. Labda mabaki yatapanda."

Sekela alingoja neno kubwa, aina ya neno ambalo wazee wanatarajiwa kuwa nalo.

"Basi nyamaza," Bibi alisema.

"Bibi."

"Nyamaza, Sekela. Nimekaa humu siku sabini. Nimekula uji kama ndama. Nywele zimekwisha, meno mawili yamekwisha. Miparachichi yangu inazaa mwezi wa pili, na nataka niwepo. Huyo mzee ana daktari, daktari atafute mwenyewe." Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Mimi si mtu mbaya. Nimechoka tu kuwa mtu mzuri wa kufa."

Sekela alitoa kichwa nje. Kwenye kitanda cha sita, Mzee Kiswaga alikuwa amekalia mikono yake ili asijikune.

"Mjukuu," alimwita, "hebu nikune hapa katikati ya mgongo. Mimi nimekatazwa, lakini wewe hujakatazwa."

Alimkuna. Ngozi ilimwachia kwenye kucha kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Alijaribu kufikiria namna ya kurekebisha jambo lile kwa utundu mwingine. Angeweza kuweka kinasa kingine kwenye sikio la kitanda cha sita, chenye ugomvi wa kuunganisha. Halafu kitanda cha saba kingejifunza kutoka cha sita, na yeye angehitaji soksi za wodi nzima, kisha za vituo vyote vya nchi. Ilimchukua dakika kumi kukubali kwamba alikuwa amefika mahali ambapo kilichobaki ni kusema tu.

Alichomoa soksi. Bibi aliona, wala hakumzuia. Alifunga macho.

*

"Siku ngapi?" Daktari Ngole aliuliza. Soksi ilikuwa mezani kwake, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa bado anaongea humo ndani mpaka daktari alipomzima.

"Kumi na saba."

"Una miaka mingapi?"

"Nayo kumi na saba."

"Bahati yako." Hakupandisha sauti, na Sekela aliona afadhali angepandisha. "Kanuni inasema kitanda chenye taarifa za uongo kinaondolewa mikononi mwa Mlezi mpaka siku ya mia. Na kitanda chochote kilichojifunza kutoka kwake. Kwa hiyo bibi yako na Mzee Kiswaga ni wangu sasa. Nitahesabu viranja kwa macho, kila saa sita, mimi na muuguzi mmoja. Mara ya mwisho kufanya hivyo nilikuwa mwanafunzi."

"Si ndicho ulichokuwa unaomba, Daktari? Mizani?"

"Niliomba kurekebisha namba moja, huku Mlezi akiangalia mgongo wangu. Sikuomba gizani." Alipapasa mfukoni, akakuta kalamu zote ziko uchi. "Naweza kukosea juu ya bibi yako. Naweza kukosea juu ya yule mzee. Mlezi, kama asingedanganywa na mtu yeyote, angekosea kidogo kuliko mimi. Ulijua hilo?"

"Alikuwa anamuua Bibi."

"Ndiyo," daktari alisema. "Na hilo pia ni kweli. Ndiyo maana sijui nikufanye nini. Hutaingia wodini. Utatoa damu chini, mara nne kwa siku. Nenda kamwambie bibi yako mwenyewe."

Sekela alisimama mlangoni mwa wodi, miguu nje ya mstari mwekundu, akamwambia. Alitarajia kuitwa mwizi. Alitarajia kuitwa msaliti, mchawi, mke mdogo asiye na haya, na alikuwa ameandaa majibu.

Bibi Witness alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa juu ya blanketi.

"Asante kwa taarifa, Sekela," alisema. "Nimekuelewa. Unaweza kwenda."

Katika miaka kumi na saba Bibi hakuwahi kumshukuru kwa lolote. Sekela alishuka ngazi akiwa amenyooka, akaingia choo cha wageni, akakaa humo mpaka wakaja kumtafuta kwa ajili ya damu.

*

Siku nane zilipita hivyo. Mkono wake wa kushoto uligeuka zambarau, wakahamia wa kulia. Alimuuliza muuguzi, "Bibi amesema nini?" na muuguzi alijibu, "Anakusalimu," na Sekela akajua hali ni mbaya.

Juu, Daktari Ngole alihesabu. Alikosea mara moja, siku ya pili, akampa Mzee Kiswaga viranja wachache mno, na mzee alilia usiku kucha kwa tumbo. Baada ya hapo alimwita Obadia na kumuuliza waziwazi kama anampenda kaka yake. Obadia alijibu kwamba anamheshimu sana. Daktari akasema hakuuliza hilo. Kilichofuata kilisikika mpaka kwenye maegesho: ndugu wawili walifokeana nusu saa nzima juu ya kaburi la mama yao, suti ikavuliwa koti, na daktari akaandika tukio hilo kama maendeleo. Wekundu uliacha kupanda. Viganja vilibaki vimebambuka.

"Na Bibi?" Sekela alimuuliza alipompata kwenye ngazi.

"Mabaki ni matatu. Hayajashuka, hayajapanda. Chakula anakigusa tu, hasemi na mtu, hataki kushuka kitandani. Misuli ya miguu inakwisha." Daktari alisugua macho. "Usiniulize zaidi, Sekela. Sina zaidi."

Kati ya sindano na sindano Sekela alipalilia viazi vya wauguzi, kwa kuwa mtu aliyefukuzwa hana budi kuwa na mahali pa kusimama, na bustani ilitazamana na dirisha la kitanda cha tano, ghorofa ya pili. Kioo chake hakikufunguka, kwa hofu ya vijidudu. Pazia lilikuwa wazi siku zote nane, na hakuna uso uliowahi kutokea.

Siku ya themanini, saa nne asubuhi, jua likiwa limeanza tu kuondoa umande, aliinua kichwa kuufuta uso.

Bibi Witness alikuwa dirishani.

Alikuwa amesimama. Mkono mmoja ulishika fimbo ya dripu, kofia ya sufu imekaa upande, na kwa jinsi mabega yalivyopanda na kushuka ilikuwa dhahiri kwamba safari ilikuwa ndefu. Kutoka kitandani mpaka dirishani ni hatua tano. Sekela alizijua, alikuwa amezipita mara nyingi na bakuli la uji.

Walitazamana kupitia kioo. Sekela aliacha jembe lianguke.

Bibi aliinua mkono wa pili, na ndani yake kulikuwa na picha ya Babu Brighton. Aliiweka shavuni. Aliibusu kwenye paji la uso, polepole, mara mbili, ili aliyeko chini asije akasema hakuona. Kisha akamnyooshea Sekela kidole, akaonyesha jembe lililolala matopeni, akamfanyia ishara ya mkono ambayo haina tafsiri nyingine duniani: lima, wewe, kazi yako ni hiyo.

"Mwizi wa waume," Sekela alisema. Akarudia kwa nguvu, hata muuguzi aliyekuwa anaanika mashuka akageuka. "Kikongwe. Rudisha bwana wetu."

Bibi hakuweza kusikia. Lakini alitabasamu kwa meno yaliyobaki, akageuza fimbo ya dripu kwa shida, na kabla ya kuanza zile hatua tano za kurudi, alimfungia mke mwenzake pazia.